Kesi ya shamba: Wapalestina, Waisraeli na sheria ya Mturuki ya 1858

Kila vita vya Gaza vikianza, magrupu ya WhatsApp yanagawanyika siku hiyohiyo. Huku inatumwa mistari ya Mwanzo, Ibrahimu aliahidiwa nini, mpaka ulianzia mto gani ukaishia mto gani, huku wanajibiwa kwa aya, mmoja anakuja na klipu ya mchungaji, mwingine klipu ya sheikh, mpaka admini anafunga grupu usiku watu walale. Mimi kazi zangu ni za ardhi, nimezeekea kwenye kesi za mashamba, kuandaa vielelezo, kutafuta karatasi zilizopotea, kusikiliza wazee wakibishana kama mpaka uko kwenye mkorosho au kwenye mtaro, na kusema kweli nikisoma historia ya Wapalestina na Waisraeli sioni ugomvi wa dini wa miaka elfu tatu. Naona kesi ya shamba. Kubwa, chafu, iliyomwaga damu isiyosemeka, lakini kesi ya shamba, na umri wake ni miaka mia moja na ushee tu. Dini imo ndani, sikatai, ila imemwagiwa juu kama petroli, moto ulishawaka tayari. Na ukitaka kuielewa usianzie kwa Ibrahimu, anzia kwa karani wa Kituruki mwaka 1858.

Enzi hizo Palestina ilikuwa ndani ya dola ya Uthmaniya, imekaa humo tangu 1517. Istanbul ilikuwa inataka kodi na inataka askari, kwa hiyo 1858 ikatoa sheria ya ardhi, kila kipande kijulikane ni cha nani. Ikagawa ardhi kwa aina. Kulikuwa na mulk, mali ya mtu kabisa, mara nyingi nyumba na viunga vya mjini. Wakfu, hii hata huku kwetu tunaijua. Matruka, njia na malisho ya wote. Halafu miri, na hapa ndo kwenye kesi yenyewe, maana mashamba mengi ya wakulima yaliangukia humu: mwenye ardhi kisheria ni dola, mkulima ana haki ya kulima na kurithisha watoto, ila akiacha bila kulima miaka mitatu mfululizo haki yake inaweza kupotea. Na mwisho mawat, ardhi mfu. Hiyo walivyoipima inanifurahisha mpaka leo, mtu anasimama ukingoni mwa kijiji anaita kwa sauti yake yote, pale ambapo sauti haisikiki tena ndo ardhi mfu inaanzia. Hakuna GPS wala bikoni, koo lako tu.

Sasa vijiji vingi havikuwa na habari ya shamba langu shamba lako. Ardhi ilikuwa ya kijiji kizima, wanaita mushaa, baada ya muda fulani wanagawana upya kwa kura ili mmoja asing'ang'anie bondeni kwenye rutuba mwenzie akabaki na mawe. Mkulima wa hivyo umwambie njoo mjini uandikishe jina, yeye anaona nini? Anaona karani atakayeandika jina lake kwenye daftari la shamba ndiye huyohuyo atakayempelekea mkusanya kodi, na jeshi pia, na jeshi la Sultani ukichukuliwa kurudi ni majaliwa. Basi wengi hawakwenda. Wengine waliandikisha eneo dogo kuliko wanalolima, wengine wakamwachia mtu mkubwa wa mjini aandike jina lake yeye, wakaendelea kulima kama kawaida wakijua wenyewe shamba ni la nani. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la ardhi la kata anajua hadithi hii inaishia wapi. Anayelima ni mmoja, aliyeandikwa ni mwingine, na siku ya kuuza haulizwi anayelima.

Familia ya Sursock ya Beirut, matajiri wa biashara, mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilinunua kutoka serikalini sehemu kubwa ya bonde la Marj ibn Amir, Wayahudi wanaliita Yezreeli, pale kati ya Haifa na Nazareth. Vijiji vilikuwemo, watu walikuwemo, ila kwenye karatasi wakawa wapangaji wa bwana ambaye hata huo mji wake wa Beirut hawajawahi kuuona.

Upande wa pili, huko Ulaya Mashariki, kulikuwa na watu wenye sababu ya kutafuta ardhi. Naliweka hili wazi kwa sababu kuna wenzetu wanasimulia kama vile Wayahudi waliamka asubuhi moja wakasema twende tukanyang'anye. Dola ya Urusi ilikuwa imejaza mamilioni ya Wayahudi kwenye eneo la magharibi ambako ndiko tu waliruhusiwa kuishi, na kuanzia 1881 makundi ya watu yakawa yanawavamia, kuchoma, kuua, polisi wanaangalia. Kishinev, Aprili 1903, waliuawa 49 ndani ya siku mbili. Ufaransa yenyewe, nchi ya haki za binadamu, ikamfunga kapteni Dreyfus, ofisa wa jeshi Myahudi, kwa kesi ya kubambikiza. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna, akaona hawa watu hawatapata amani mpaka wawe na nchi, 1896 akachapisha kijitabu, 1897 akaitisha kongamano Basel, Uswisi, na 1901 harakati yake ya Kizayuni ikaunda mfuko wa kununua ardhi, Keren Kayemet. Masharti ya huo mfuko yaangalie vizuri maana ndo tofauti na mnunuzi wa kawaida: ardhi ikishanunuliwa haiuzwi tena milele, inabaki ya watu wa Kiyahudi, inakodishwa kwa Wayahudi. Yani sio Bwana fulani kamnunulia Bwana fulani, ni ardhi inatoka kwenye soko moja kwa moja.

Wayahudi walikuwepo Palestina hata kabla ya hapo, Yerusalemu, Hebron, Safed, Tiberia, jamii za zamani kabisa zilizoishi na majirani Waarabu, hilo nalo watu wanalisahau.

Mgogoro wa kwanza unaonivutia mimi wa kazi yangu ulitokea 1910 mpaka 1911, kijiji kinaitwa al-Fula, bonde lilelile. Sursock mmoja akaliuza eneo, kama dunamu 10,000 hivi (dunamu ni mita za mraba elfu moja, ekari yetu moja ni dunamu nne na kidogo), mnunuzi akapitia kwa dalali maarufu Yehoshua Hankin. Wakulima wakagoma kutoka. Na kumbe mkuu wa wilaya ya Nazareth, Shukri al-Asali, Mwarabu ofisa wa Sultani, akagoma naye kusaini kukabidhi hati! Wakubwa zake wa Beirut wakamruka, wakulima wakatolewa, pakajengwa makazi ya Kiyahudi ya Merhavia. Al-Asali akaingia bungeni Istanbul akapiga kelele juu ya jambo hili, akaandika magazetini, mwisho 1916 Waturuki wenyewe wakamnyonga Damascus na wazalendo wengine wa Kiarabu. Kwa hiyo kabla ya barua ya Balfour ya 1917 nitakayoifikia, kabla ya Mwingereza kukanyaga pale, ugomvi ulishakuwepo, na haukuwa juu ya hekalu wala msikiti, ulikuwa juu ya nani akabidhiwe hati.

Hapa tutoke kidogo, kwa sababu nusura hii kesi iwe ya kwetu. 1903 waziri wa makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, baada ya kupita na reli ya Uganda akaona nyanda za juu kunapendeza, akampa Herzl ofa ya kipande cha Afrika Mashariki. Watu wanaita mpango wa Uganda ila eneo lenyewe ni Uasin Gishu, Kenya ya leo, upande wa Eldoret. Eneo la maili za mraba 5,000 hivi. Kongamano la Basel mwaka huo likapiga kura tupeleke watu wakaangalie, 295 wakakubali, 178 wakakataa, na waliokataa kwa hasira kabisa wengi ni wajumbe wa Urusi, hata wa Kishinev yenyewe, walewale waliotoka kuzika. Tume ya watu watatu ikaja mwanzoni mwa 1905, ikarudi na ripoti mbaya, na kiangazi cha 1905 kongamano likaikataa ofa. Sasa wewe jiulize Wamasai na Wanandi waliulizwa na nani katika hayo yote. Hakuna. Mwaka huohuo wa 1905 Waingereza walikuwa wanapigana na Wanandi, wakamuua Koitalel arap Samoei mwezi Oktoba. Ardhi ikaja kupewa Makaburu mwaka 1908. Ukisikia mtu anasema nchi tupu, hiyo lugha imetumika sehemu nyingi.

Na waziri mkuu wa Uingereza wakati wa hiyo ofa alikuwa nani? Arthur Balfour. Huyohuyo ambaye serikali yake ilipitisha 1905 sheria ya kuzuia wahamiaji, iliyolenga hasa Wayahudi maskini wa Ulaya Mashariki wasijazane London. Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, anaandika barua ya maneno machache kwa Lord Rothschild, mkubwa wa Wayahudi wa Uingereza, kwamba serikali ya mfalme inaunga mkono makao ya kitaifa ya Wayahudi Palestina, ilimradi haki za kiraia na za kidini za jamii zisizo za Kiyahudi zilizopo zisiguswe. Soma tena hapo. Karibu watu tisa kati ya kumi nchini humo walikuwa Waarabu, ila barua haiwataji kwa jina, wao ni "zisizo za". Na haki zinazotajwa ni za kiraia na za kidini, za kisiasa hazimo. Mimi mkataba wa namna hiyo ningeurudisha kwa mwanasheria aliyeuandika. Na hao Waarabu Mwingereza alishawapa ahadi nyingine 1915 kupitia barua za McMahon, mwakilishi wake Misri, kwa Sharif Hussein wa Makka, wamgeukie Mturuki watapata uhuru, na katikati ya hapo 1916 akagawana mashariki yote na Mfaransa kwa siri. Mtu mmoja kauza kiwanja kimoja mara tatu!

Vita vilipoisha Shirikisho la Mataifa likagawa nchi zilizoporwa kwa walioshindwa, Mwingereza akapewa baadhi azisimamie kwa niaba ya wenyeji. Julai 1922, ndani ya wiki moja, zikapitishwa hati mbili: ya Tanganyika tarehe 20 na ya Palestina tarehe 24. Nilivyokuja kuzisoma pamoja nilikaa kimya kidogo. Ya Tanganyika inasema sheria za ardhi zizingatie mila za wenyeji na ardhi ya mwenyeji isiende kwa asiye mwenyeji bila idhini ya serikali. (Utekelezaji ni mambo mengine. Waulizeni Wameru, Novemba 1951 walivyotolewa Engare Nanyuki na nyumba kuchomwa wapewe walowezi, Kirilo Japhet akalipeleka mpaka Umoja wa Mataifa 1952.) Ya Palestina kifungu cha 6 kinasema kinyume: msimamizi arahisishe Wayahudi kuhamia na kukaa kwa wingi kwenye ardhi, pamoja na ardhi za serikali na zilizo wazi. Ardhi zilizo wazi ndo ile mawat, ile ya sauti isiyofika.

Ndani ya miaka hiyo, 1921 mpaka 1925, Sursock wakauza bonde karibu lote lililobaki kwao, zaidi ya dunamu 200,000, vijiji kama ishirini. Kisheria halali tupu, hati ipo, hela imelipwa, wapangaji wengine walipewa hata kifuta jasho. Wakaenda mjini Haifa wakajenga mabanda ya madebe, wakabeba mizigo bandarini, na huko wakamkuta sheikh mmoja kutoka Syria anafundisha masikini kusoma usiku na kuwaambia mambo mengine pia, Izz al-Din al-Qassam. Waingereza walimuua Novemba 1935, miezi michache baadaye nchi nzima ikalipuka, mgomo na maasi ya 1936 mpaka 1939. Ndo maana tawi la kijeshi la Hamas na hata zile roketi zina jina lake. Wengi wanaolitamka hawajui kama mizizi yake ni watu waliotolewa mashambani.

Nisionekane naegemea. Agosti 1929 ndani ya Hebron waliuawa Wayahudi 67, na wengi wao hawakuwa Wazayuni wala wanunuzi wa ardhi, walikuwa wanafunzi wa dini na familia zilizoishi pale vizazi na vizazi. Waliookoka wengi walifichwa na majirani Waarabu. Baada ya hapo ile jamii ya zamani haikuwa tena na pa kusimama, kila mtu akalazimishwa kuwa upande.

Kuna jina ambalo Mtanzania msomaji wa historia anaweza kulikumbuka, Sir Harold MacMichael. Alikuwa gavana wa Tanganyika, 1938 akahamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda kuwa kamishna mkuu Palestina. Alifika wakati Waarabu wameasi, na London ili kuwapoza ikatoa waraka wa 1939: Wayahudi waingie 75,000 tu kwa miaka mitano, na 1940 ikaongeza vizuizi vya kuwauzia ardhi. Sasa angalia tarehe. 1939! Hitler kaanza, mlango wa karibu kila nchi umefungwa, na huu nao unafungwa. Meli ya Struma ikatoka Romania imejaa Wayahudi, injini imekufa, ikakaa Istanbul wiki kadhaa, MacMichael na serikali yake wakakataa kuwapa viza, Waturuki wakaivuta wakaiacha Bahari Nyeusi, Februari 1942 ikapigwa torpido na nyambizi ya Kisovieti. Zaidi ya watu 760 wakafa, akapona mmoja. Vikundi vya siri vya Kiyahudi vikabandika picha ya MacMichael anatafutwa kwa mauaji, wakajaribu kumuua Agosti 1944 akanusurika. Na Waingereza wakakamata mamia ya wapiganaji wa hivyo vikundi wakawapakia Afrika, Eritrea kwanza, mwisho 1947 wakaletwa Gilgil, Kenya, wakakaa kambini mpaka Julai 1948, nchi yao ilishatangazwa wao bado wako Bonde la Ufa.

Hitler aliua Wayahudi milioni sita. Baada ya hapo hakuna hoja ya kisheria ambayo ungemwambia aliyebaki hai aisikilize, anataka sehemu ambayo hakuna wa kumfukuza. Mpalestina naye anauliza, mimi ndo nilimuua? Mbona deni la Mjerumani linalipwa kwa shamba langu? Wote wawili wana haki ya kusema walichosema, na hapo ndo ugumu.

Novemba 29, 1947, Umoja wa Mataifa ukapiga kura ya kuigawa nchi: 33 ndiyo, 13 hapana, 10 wakakaa kimya, Mwingereza mwenyewe akiwa mmoja wa waliokaa kimya. Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya watu, wanamiliki kwa hati chini ya asilimia 7 ya ardhi yote, wakapewa asilimia 55 hivi (sehemu kubwa ya hiyo ni jangwa la Negev, tuseme ukweli). Viongozi wao wakakubali, Waarabu wakakataa, kesho yake risasi. Aprili 1948 pale Deir Yassin wanamgambo wa Kiyahudi wakaua wanakijiji zaidi ya 100, siku nne baadaye Waarabu wakashambulia msafara wa madaktari na manesi wa hospitali ya Hadassah, wakafa zaidi ya 70. Mei 14 Israel ikatangazwa, Mei 15 majeshi ya Kiarabu yakaingia. Vita vilipokwisha 1949 Israel ina asilimia 78 ya nchi, Wapalestina zaidi ya 700,000 wako nje ya makwao, wengine walikimbia milio, wengine walitolewa kwa amri kama Lydda na Ramle mwezi wa Julai. Upande uliochukuliwa na Jordan nako hakubaki Myahudi hata mmoja, robo yao ya mji mkongwe wa Yerusalemu ilisafishwa.

Watu wengi wanasimulia mpaka hapo kisha wanarukia 1967. Mimi naona kilichofuata ndo kiini, sheria ya mali za wasiokuwepo ya mwaka 1950. Asiyekuwepo ni nani? Ni mtu yeyote ambaye baada ya tarehe 29 Novemba 1947 alikwenda nchi ya adui, au aliondoka makazi yake ya kawaida akaenda hata sehemu ya Palestina iliyokuwa mikononi mwa vikosi vya upande wa pili. Mali yake inakwenda kwa msimamizi wa serikali. Sasa kuna waliokimbilia kijiji cha jirani au Nazareth, wakabaki humohumo ndani ya Israel, wakapewa uraia, wanapiga kura, ila shamba lao liko kilomita tano wanaliona na kisheria wao hawapo. Waisraeli wenyewe waliwatafutia jina: wasiokuwepo waliopo. Sijui kama kuna mwanasheria duniani aliyewahi kutunga kitu kama hicho bila aibu.

Ila kisa kinachonikaa zaidi ni cha Iqrit, Galilaya, karibu na mpaka wa Lebanon. Watu wa Iqrit ni Wakristo, Wakatoliki wa Kigiriki, nawaambia hasa nyie mnaotuma mistari kwenye grupu. Hawakupigana. Novemba 1948 jeshi liliwaambia tokeni wiki mbili kwa usalama wenu, mtarudi, wakapelekwa Rameh. Wiki mbili zikapita, miezi ikapita, wakaajiri wakili wakaenda mahakama kuu ya Israel, na Julai 1951 wakashinda! Mahakama ikasema hakuna sababu ya kisheria ya kuwazuia. Jeshi likatoa amri mpya, na kabla kesi ya pili haijasikilizwa, mkesha wa Krismasi ya 1951, wakalipua kijiji nyumba kwa nyumba. Lilibaki kanisa juu ya kilima na makaburi. Tangu miaka ya 70 wameruhusiwa kuzika pale, kwa hiyo mtu wa Iqrit akifa anarudi nyumbani, akiwa hai hapana. Vijana wao hukaa kanisani kwa zamu, wakipanda miche mamlaka inang'oa. Raia wa Israel hao, wana vitambulisho, walishinda kesi. Ukiniambia ni vita vya Uislamu na Uyahudi naomba unieleze Iqrit.

Na mizani nyingine hii hapa. Miaka hiyohiyo Wayahudi wa nchi za Kiarabu nao walikuwa wanafunga mizigo. Iraq, jamii ya zaidi ya miaka elfu mbili, kama 120,000 waliondoka kwa ndege 1950 na 1951, na Machi 1951 serikali ya Baghdad ikazuia mali zote za waliojivua uraia, maduka, nyumba, akaunti. Sheria ya Baghdad na sheria ya Israel ukiziweka mezani ni kama ndugu. Wakafika Israel wakawekwa kwenye mahema na miji mipya ya pembezoni, mara nyingi juu ya ardhi ya hao wasiokuwepo. Sderot ilianzishwa 1951 karibu na kilipokuwa kijiji cha Najd, wakaletwa watu wa Iran na baadaye wa Morocco, na watu wa Najd wako Gaza, kilomita chache tu. Aliyenyang'anywa duka huku anakaa karibu na aliyenyang'anywa shamba kule, senyenge katikati.

1967 nitaipita haraka, siku sita za Juni, Israel ikachukua Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu Mashariki, Gaza, Sinai, Golan. Kinachonihusu ni kilichofanyika kwenye daftari. Jordan ilikuwa imeshasajili kama theluthi moja ya ardhi ya Ukingo wa Magharibi, Israel ikasimamisha usajili. Makazi ya walowezi yakaanza kujengwa kwa amri za kijeshi, tunachukua kwa sababu za usalama. Mwaka 1979 wakulima wa Rujeib karibu na Nablus wakashtaki, mashamba yao yamechukuliwa kujenga Elon Moreh, na walowezi wenyewe wakaiharibu kesi ya serikali, wakaapa mahakamani kwamba sisi hatuko hapa kwa usalama, tuko hapa kwa ahadi ya Mungu. Mahakama ikasema basi kama sio usalama mtoke. Wakahamishiwa kilima cha jirani.

Unafikiri ikaishia hapo? Wanasheria wa serikali wakarudi maktaba wakaitoa ile sheria ya Mturuki. Miri isiyolimwa inarudi kwa dola, ardhi mfu ni ya dola, na dola sasa ni sisi. Mwanasheria wa serikali Plia Albeck akazunguka vilima kwa miguu na kwa helikopta akiangalia palipolimwa na pasipolimwa, na miaka ya 80 laki kadhaa za dunamu zikatangazwa za serikali. Anayepinga alete ushahidi kwamba analima mfululizo, mlima wenye mawe, mzeituni mmoja hapa mmoja kule. Babu aliyeogopa kuandikishwa asichukuliwe jeshi la Sultani, mjukuu anakuja kuadhibiwa miaka mia moja na ishirini baadaye. Na Yerusalemu, sheria ya 1970 inamruhusu Myahudi kudai nyumba iliyokuwa ya Kiyahudi kabla ya 1948 upande wa mashariki, ndo zile kesi za mtaa wa Sheikh Jarrah, ila Mpalestina mwenye nyumba yake Talbiya au Katamon upande wa magharibi hana mlango huo. Kama tunarudi kwenye hati za zamani turudi wote, sivyo?

Huku kwetu siasa ilikuwa na zamu zake. Waisraeli walitusaidia mwanzoni kuanzisha JKT, baadaye Nyerere akavunja uhusiano 1973 na PLO, chama cha ukombozi cha Wapalestina, ikafungua ofisi Dar es Salaam, uhusiano ukarudi 1995. Mwaka huohuo wa 1995 makubaliano ya pili ya Oslo, kati ya Israel na PLO, yaligawa Ukingo wa Magharibi kuwa A, B na C, na C ambayo ni asilimia 60 ikabaki chini ya Israel kwa ardhi na ujenzi, ilisemwa ni kwa muda. Mwaka mmoja nyuma mlowezi alishaua waumini 29 msikitini Hebron, Hamas ikawa inalipua mabasi, Novemba 1995 Rabin, waziri mkuu wa Israel aliyesaini, akauawa na Myahudi mwenzie, na huo muda haujaisha mpaka leo. Walowezi sasa ni kama nusu milioni bila kuhesabu Yerusalemu Mashariki. Gaza waliondolewa 2005, kama 8,000, Hamas ikashinda uchaguzi 2006, ikaishika kwa silaha 2007, Israel na Misri zikafunga mipaka.

Nahal Oz ni kibbutz, kijiji cha kilimo cha ujamaa cha Waisraeli, kilichopo jirani kabisa na Gaza. Aprili 1956 mlinzi kijana wa pale aliuawa na waliotoka Gaza, na Moshe Dayan, mkuu wa majeshi, akasema msibani kitu ambacho wanasiasa wa leo hawathubutu: tusiwalaumu wauaji, wamekaa miaka minane kambini wakituangalia tunavyogeuza mashamba ya baba zao kuwa yetu. Halafu akamalizia kwamba kwa hiyo upanga usituanguke mkononi. Aliijua kesi vizuri kabisa, akachagua upanga. Oktoba 7, 2023 Hamas walipoingia waliua watu 1,200 hivi na kuteka kama 250, waliingia Nahal Oz pia, na mmoja wa vijana wetu wawili wa Kitanzania waliouawa siku ile alikuwa pale, walikwenda kujifunza kilimo, hawakuwa na dunamu hata moja kwenye kesi hii. Kilichofuata Gaza, zaidi ya 60,000 wamekufa kwa hesabu za wizara ya afya ya huko kabla ya usitishaji mapigano wa Oktoba 2025, wengi wanawake na watoto, mitaa mizima imekuwa kifusi. Hakuna shamba linalostahili Oktoba 7, na hakuna Oktoba 7 inayohalalisha kufuta miji ya watu. Anayetaka nichague moja ya hizo sentensi mbili atasubiri sana.

Wakati macho yote yako Gaza, Mei 2025 baraza la mawaziri la usalama la Israel likapitisha kuanza upya usajili wa ardhi Eneo C, ule uliosimamishwa baada ya 1967. Habari ilipita kimyakimya, hata wale wa klipu hawakuituma. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni kubwa kuliko hotuba zote, kwa sababu usajili ukikamilika haufunguki kirahisi, ni wa mwisho. Mdai atatakiwa alete risiti ya kodi ya Mturuki au ya Mwingereza, ramani, urithi wa vizazi vinne na warithi wote waliotawanyika Amman, Kuwait na Chicago, na hao walioko nje Israel ina sheria ya kuwaita wasiokuwepo. Atakayeshindwa, kipande chake kitaandikwa cha serikali. Karani ameshakaa mezani, na safari hii anayemiliki daftari ni upande mmoja wa kesi.